Dawa ya Malaria Inaweza Ua Seli za Kansa? Cheki Vile Hufanya Kazi

Kama umelelewa Kisii ama Nyamira, unajua malaria ya milimani hukuvamia ghafla mvua ikizidi. Ukienda hosi unapewa AL. Ndani yake kuna dawa ya familia ya atemisinini, inayotokana na mmea wa Artemisia annua. Tu Youyou wa China alishinda Nobel 2015 juu ya ugunduzi huo.

Iko hivi: atemisinini ikikutana na madini ya chuma, inazaa sumu inayochoma seli kutoka ndani. Kimelea cha malaria hula damu, so kimejaa chuma. Seli za kansa nazo hufyonza chuma mob ndio zigawanyike mbio. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliona kwa maabara ikiua seli za kansa ya matiti, za kawaida nyingi zikabaki.

Lakini tulia, msee. Maabara si mwili, na bado haijaidhinishwa kutibu kansa. Mtu akikuuzia chai ya artemisia soko ya Keroka ati inamaliza kansa, kataa. WHO haiikubali hiyo chai hata kwa malaria. Ukiona uvimbe, wahi hosi mapema. Kansa haingoji umalize chupa ya chai.