Kiwambo cha kupumulia

Kiwambo ni msuli mpana na mwembamba unaotenganisha kifua na tumbo. Jina limetokana na kuwamba, kama ngozi inavyowambwa kwenye ngoma, ingawa kikiwa kimelegea hakifanani na ngoma hata kidogo: kimebinuka juu kama bakuli lililofudikizwa. Kingo zake zimeshikamana na kidari, mbavu za chini na uti wa mgongo.

Wengi hudhani mapafu ndiyo yanayovuta hewa. Hayawezi, hayana misuli ya kujipanua. Kiwambo kikikaza hushuka, misuli iliyo kati ya mbavu huziinua, na kifua hupanuka. Mapafu hufuata, kwa kuwa utando wenye majimaji kidogo umeyanatisha kwenye ukuta wa kifua. Nafasi ikishaongezeka, shinikizo la hewa iliyo ndani hupungua na hewa ya nje hujiingilia, kama katika mvukuto wa mhunzi unapofunguliwa. Kutoa pumzi kwa mtu aliyetulia ni kulegeza tu: mapafu hujirudi kama mpira uliovutwa. Misuli ya tumbo husaidia mtu akikohoa au akipuliza moto jikoni.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, akivuta kama nusu lita kila mara, na kiwambo hushuka sentimita 1 au 2 tu. Kikikaza kwa kushtukia, koo likajifunga papo hapo, hiyo ndiyo kwikwi.

Amri ya kupumua hutoka sehemu ya chini ya ubongo na kupita katika neva mbili zinazoanzia shingoni. Ndiyo sababu aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu ya shingo huweza kushindwa kupumua. Kinachochochea amri hiyo hasa ni wingi wa dioksidi ya kaboni katika damu, si upungufu wa oksijeni. Mpiga mbizi anayehema harakaharaka kabla ya kuzama huipunguza dioksidi hiyo bila kuongeza oksijeni ya maana, kisha huzimia majini bila kuhisi haja ya pumzi.

Mbavu za mtoto mchanga zimekaa karibu mlalo, hivyo hutegemea zaidi kiwambo: akilala, tumbo ndilo linalopanda na kushuka. Hilo ni la kawaida. Lakini sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila avutapo pumzi, huenda ni nimonia. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.