Treni mbili za 1993

Wasee, kama mmewahi kuona The Fugitive ya Harrison Ford, mnakumbuka pale treni inagonga basi la wafungwa. Hiyo haikuwa kompyuta. Walichukua treni ya ukweli, wakaipeleka kwenye reli ya watalii ya Great Smoky Mountains kule Dillsboro, North Carolina, wakaigongesha. Nafasi ilikuwa moja tu, maana treni ukishaivunja huwezi kusema turudie. Filamu ikatoka 1993. Mabaki ya injini na basi yaliachwa palepale kando ya reli, na watalii hulipa tiketi wakapita wakiyapiga picha.

Sasa skiza. Mwaka huohuo, Januari 1993, treni ya abiria kwenye reli yetu ya Mombasa na Nairobi ilifika Ngai Ndethya, Makueni. Mafuriko yalikuwa yamebeba daraja. Mabehewa yakaingia mtoni. Zaidi ya watu 100 walikufa. Hilo jina kwa Kikamba ni ombi: Mungu, nisaidie.

Uliza vijana hapa Mwingi. Treni ya Hollywood wanaijua. Ya Ngai Ndethya? Zii.

Na si eti reli hii haina stori. Simba wa Tsavo wa 1898 walitengenezewa The Ghost and the Darkness mwaka wa 1996, tena ikashutiwa Afrika Kusini. Mwaka wa 1900, afisa wa polisi Mwingereza, Charles Ryall, alinyakuliwa na simba akiwa ndani ya behewa pale Kima, hapa hapa Makueni. Behewa lake limehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi, unaweza kwenda kuligusa. Mzungu mmoja ana behewa. Wale wetu zaidi ya 100, ni wangapi kati yetu wanaweza kutaja hata mmoja?

Sisemi tuangushe treni nyingine ndio tupate views. Ajali ya sinema huanza na kishindo. Hii yetu ianze na watu: nani alikuwa anaenda kazini, nani alikuwa amebeba mtoto, nani alisikia maji kwanza. Aliyenusurika akiwa na miaka 20 sasa amepita 50. Daraja lilijengwa tena, lakini mzee akienda na stori yake, hiyo haijengeki.

Kama susu wako alikuwa akiishi Kibwezi au Mtito Andei mwaka huo, mpigie leo. Muulize kama anakumbuka. Akikubali, rekodi.