Nasaba ya Ndege Itokayo Toulouse

Mtu akaaye Sakina, kando ya barabara iendayo Namanga, hana haja ya kusafiri mbali ili aione kazi ya mafundi wa Ufaransa, kwa kuwa huko Kisongo, kwenye barabara ya Dodoma, katika kiwanja kidogo cha ndege cha Arusha, hutua chombo chenye mbawa zilizokaa juu ya kiwiliwili, injini mbili zenye rafadha, na tumbo lililo karibu na ardhi hata abiria hupanda kwa ngazi fupi ya mlango wa nyuma. Jina lake ni ATR. Wengi wamekwisha kuipanda kwenda Dar es Salaam pasipo kuuliza asili yake, na asili hiyo yastahili kusimuliwa, maana ni habari ya kampuni iliyobadilishwa jina takriban kila kizazi, ikaunganishwa, ikagawanywa na kuuzwa hisa, ilhali karakana zake na ustadi wa mafundi wake vilidumu katika mji mmoja.

Mji huo ni Toulouse, kusini mwa Ufaransa. Katika Vita Vikuu vya Kwanza viwanda vya silaha vilihitaji mahali palipo mbali na mizinga ya Wajerumani, na mwaka 1917 Pierre-Georges Latécoère, ambaye jamaa zake walikuwa wakitengeneza mabehewa ya reli, alipata kandarasi ya kuunda ndege 1,000 za aina ya Salmson. Vita vilipokwisha, badala ya kurudi katika mabehewa, alianzisha njia ya kupeleka barua kwa ndege hadi Morocco na kisha Dakar. Kwa hiyo Toulouse ilifungamana na bara la Afrika tangu utoto wa kazi hiyo. Fundi mmoja aliyepata kufanya kazi kwake, Émile Dewoitine, alijitenga mwaka 1920 akafungua kiwanda chake mwenyewe.

Mwaka 1936 serikali ya Léon Blum ilipitisha sheria ya kutaifisha viwanda vya silaha, na kampuni nyingi ndogo za ndege, ya Dewoitine ikiwamo, zikakusanywa katika mashirika sita ya umma yaliyopewa majina ya majimbo ya nchi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili mashirika hayo yaliendelea kumezana. Lile la Kusini-Mashariki na lile la Kusini-Magharibi yaliungana mwaka 1957 yakawa Sud Aviation, na mwaka 1970 Sud Aviation ikaungana na Nord Aviation pamoja na SEREB, kampuni ya makombora, likazaliwa shirika kubwa la Aérospatiale. Wako wasemao kwamba serikali haiwezi biashara; nami, nikiitazama miaka ile thelathini na minne, naona kwamba bila ya mkono wa serikali vile viwanda vidogo vingalikufa kimoja kimoja, na mafundi wake wangalitawanyika.

Sifa ya Toulouse ilitoka kwanza kwa ndege za jeti. Caravelle, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 27 Mei 1955, ilitangulia ndege zote za abiria kuwekewa injini za jeti mkiani, nayo ilipata wanunuzi wengi. Concorde, iliyoruka Toulouse tarehe 2 Machi 1969, ilikwenda kasi kuliko sauti, ikastaajabisha ulimwengu, lakini zikaundwa 20 tu, na ni mashirika mawili pekee, la Ufaransa na la Uingereza, yaliyozitumia kuchukua abiria. Fahari ilikuwa kubwa na faida haikuonekana. Kisha mafuta yalipanda bei mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na wahandisi waliokuwa wameshindana na kasi ya sauti walilazimika kufikiri juu ya safari ya nusu saa, ya watu arobaini, kati ya miji miwili ambayo haina utajiri.

Kutoka katika dhiki hiyo ndipo ilipotokea ATR. Mwezi Novemba 1981 Aérospatiale ilifunga mkataba na Aeritalia ya Italia, kila mmoja akishika nusu kwa nusu: kiwiliwili kiundwe upande wa Napoli, mbawa zitoke Bordeaux, injini zinunuliwe Kanada, na yote yaunganishwe Toulouse. Ndege ya kwanza, ATR 42, iliruka tarehe 16 Agosti 1984. Ndugu yake mrefu zaidi, ATR 72, ikafuata tarehe 27 Oktoba 1988. Rafadha zilidhaniwa na wengi kuwa mambo ya kale, kumbe katika safari fupi hula mafuta kidogo kuliko jeti, na hesabu hiyo ndiyo iliyoiweka kampuni hai hata leo, ikiwa imekwisha kutoa ndege zaidi ya 1,500.

Haikukosa misiba. Tarehe 31 Oktoba 1994 ATR 72 moja ilianguka Roselawn, katika jimbo la Indiana huko Marekani, baada ya barafu kuganda juu ya mbawa zake, na watu 68 wote waliokuwamo wakafa; kampuni ikalazimika kupanua vifaa vya kuvunjia barafu kwenye mbawa. Wenye kampuni nao walizidi kubadilika. Mwaka 2000 Aérospatiale, iliyokuwa imekwisha kuungana na Matra, iliingia katika shirika la Ulaya la EADS, ambalo sasa huitwa Airbus. Aeritalia nayo, baada ya majina kadhaa, imekuwa sehemu ya Leonardo. Nusu kwa nusu ya mwaka 1981 ingali nusu kwa nusu.

Huku kwetu, shirika la ndege la Afrika Mashariki lililoanzishwa mwaka 1946 lilivunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe. Miongoni mwa waliolitumikia ni Michael Shirima, mzaliwa wa Kilimanjaro, ambaye mwaka 1993 alianzisha safari za Precision Air hapa Arusha kwa ndege ya Piper Aztec yenye viti vitano, akichukua watalii kwenda mbugani. Kampuni ilipokua ilizichagua ATR. Kenya Airways ilinunua asilimia 49 ya hisa mwaka 2003. Mwaka 2008 zikaanza kuwasili ATR 72 mpya kabisa kutoka Toulouse. Mwaka 2011 hisa zikauzwa kwa umma katika soko la Dar es Salaam. Na mwaka 2012, jambo ambalo halisemwi vya kutosha, Precision Air ilikuwa ya kwanza ulimwenguni kukabidhiwa ATR 42-600. Kampuni iliyozaliwa chini ya Mlima Meru ilitangulia mataifa yote kupokea chombo kipya cha Wafaransa na Waitalia.

Kwamba chombo hicho kilifaa hapa si bahati nasibu. Kisongo iko karibu mita 1,390 juu ya bahari, na huko juu hewa ni nyepesi, hivyo mbawa hupata msaada mdogo na injini hupungua nguvu, na ndege huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kuruka. Jeti kubwa hupelekwa KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971 wenye njia ndefu. ATR hutosheka na njia fupi iliyo karibu na mji. Tena haihitaji kiwanja chenye mitambo mingi. Ikisimama, rubani huweza kuifunga kwa breki rafadha ya injini ya kulia huku injini yenyewe ikiendelea kunguruma na kutoa umeme na hewa, nao watumishi huweka kiegemeo cha chuma chini ya mkia ili ndege isije ikainua pua wakati watu na mizigo vinaposhuka.

Tarehe 6 Novemba 2022 ATR 42 ya Precision Air, ikitoka Dar es Salaam na watu 43, ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walifariki, marubani wote wawili wakiwamo. Wavuvi ndio waliotangulia kufika, kwa mitumbwi yao, wakawatoa watu majini kwa mikono, na jambo hilo latupasa kuuliza kwa sauti vyombo vya uokoaji vilikuwa wapi katika kiwanja kilichopakana na ziwa.

Kabla ya ajali hiyo, mwaka 2019, kampuni ya ATR ilikuwa imetangaza namna mpya ya ATR 42 iwezayo kutua na kuruka katika njia ya mita 800 tu. Niliposoma habari hiyo nilifikiri mara moja juu ya viwanja vyetu vifupi vya mbugani. Mwaka 2024 wenye kampuni waliusitisha mradi huo, wakieleza kwamba soko lake limepungua. Hesabu yao yaweza kuwa sahihi kwa Toulouse na kwa Napoli. Kwa Tanzania ni hasara ya hakika, maana viwanja hivyo vitaendelea kutegemea Cessna za Marekani zenye injini moja na viti vichache, na nauli ya kiti kimoja itaendelea kumshinda mkaazi na kumfaa mtalii.