Bafta na Mahujaji wa Surat

Walimu wa msamiati hupenda kutaja asili ya maneno, nasi tuanze na bafta, kile kitambaa chepesi cheupe. Neno ni la Kiajemi, maana yake "kilichofumwa". Bafta zilizosifika zilitoka Bharuch na miji jirani ya Gujarat, magharibi mwa India, na nyingi zilisafirishwa kupitia Surat, bandari iliyo kwenye mto Tapti. Bandari hiyo hiyo iliitwa Mlango wa Makka. Katika makala haya tunadai kwamba nguo na hija hazikukutana pale kwa bahati tu; zilipakiwa katika merikebu moja, na zilitegemeana.

Akbar, mfalme wa Mughal, aliitwaa Surat mwaka 1573. Merikebu ziliondoka hapo kwa pepo za kaskazi, zikaelekea Mokha na Jidda zikiwa na marobota ya nguo na mamia ya abiria. Hujaji aliweza kuuza nguo ili apate matumizi ya njiani. Mfanyabiashara naye, akiisha kuuza, akahiji. Zikirudi kwa kusi zilileta kahawa na hasa fedha, ambayo ilifuliwa kuwa rupia pale Surat. Kwa rupia hizo dalali alimtangulizia mfumaji malipo kabla uzi haujatandwa. Kwa hiyo mfumaji ambaye hakuwahi kuiona bahari aliweza kupata riziki yake kutokana na soko la Jidda.

Lakini upepo hufuata jua, na hija hufuata mwezi. Kila mwaka hija hurudi nyuma kwa siku kama 11, wala kaskazi haiingoji. Miaka mingine abiria walishuka wakati wa hija umewadia. Mingine walisubiri kwa miezi, wakila mtaji.

Hatari kubwa zaidi ilitoka kwa watu. Wareno, waliojifanya wenye bahari, walidai kila merikebu ichukue cheti chao. Gulbadan Begum, shangazi yake Akbar, alikwama Surat karibu mwaka mzima kwa ajili ya cheti hicho. Alisafiri mwaka 1576, akarudi 1582. Vyeti hivyo vilikuwa na picha za Bikira Maria na Yesu, jambo lililowaudhi baadhi ya wanazuoni wa Kiislamu.

Hata cheti hakikuwa kinga. Mwaka 1613 Wareno waliiteka Rahimi, merikebu ya Maryam-uz-Zamani, mjane wa Akbar, ingawa ilikuwa nacho. Mwanawe, mfalme Jahangir, aliwafungia Wareno biashara ya Surat na kuuzingira mji wao wa Daman. Mwaka 1695 haramia Mwingereza, Henry Every, aliipora Ganj-i-Sawai, merikebu ya mfalme Aurangzeb, ikirudi na mahujaji na fedha za mauzo. Waingereza wa Surat wakatiwa kizuizini, na baadaye kampuni za Ulaya zikabanwa hadi zikakubali kusindikiza merikebu hizo. Ni vigumu kuamini kwamba ghadhabu hiyo yote ilikuwa ya dini peke yake.

Katika karne ya 18 Surat ilidhoofika, na Bombay ikachukua nafasi yake, mahujaji kwa marobota. Nyumba ya wasafiri iliyojengwa Surat mwaka 1644, enzi za Shah Jahan, ili kuwapokea mahujaji, bado imesimama. Ndani yake zimo ofisi za halmashauri ya jiji.