Ankara Ambayo Mahakama Haikuiona

Karibu kila programu ya uhasibu ina ukurasa wa wateja. Ukibofya jina la mteja, ankara zake zote zinashuka: iliyolipwa, iliyolipwa nusu, iliyopitiliza tarehe. Ripoti ya madeni huzipanga kwa umri, siku 30, 60, 90, na kadiri ankara inavyozeeka ndivyo mhasibu anavyoisogelea simu. Yeye anaona hatari. Mimi ninayesomea historia naona kwanza majina ya watu walioaminiwa.

Pwani ilikopeshana zamani. Katika karne ya 19, misafara ya bara iliondoka Unguja na nguo, shanga na waya wa shaba vya mkopo, deni likasubiri pembe za ndovu zirudi. Taria Topan, tajiri wa Kihindi, alimkopesha Tippu Tip. Biashara hiyo ilibeba na watumwa, kwa hiyo siisimulii kwa kuitamani. Ila hakuna aliyeshangaa kuona mfanyabiashara anadaiwa. Bila deni, msafara usingeondoka.

Waingereza wakaja na sheria. Tanganyika, mwaka 1923, walizuia mikopo kwa "wenyeji": asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika bila idhini ya serikali, mahakama haikumsaidia kudai. Kenya nayo, mwaka 1948, iliweka kikomo cha shilingi 200. Deni lililozidi hapo halikudaika mahakamani mpaka mkataba upitie kwa ofisa.

Sababu iliyotolewa ni ulinzi. Nakubali kwamba madeni yamewahi kufilisi wakulima wengi. Lakini hebu tupige hesabu ya duka.

Chukua maduka mawili ya kijijini, kila moja lina shilingi 300 taslimu. La kwanza linanunua bidhaa za 300, basi. La pili linapewa na muuzaji wa jumla bidhaa nyingine za 600, ankara ilipwe baada ya mwezi. Rafu za pili zina sukari, chumvi, mafuta ya taa, sabuni na kanga za 900, na sehemu kubwa itakuwa imeuzwa kabla ankara haijaiva. Mteja anayekosa kanga duka la kwanza ananunua kanga duka la pili, na chumvi anaichukua hapo hapo. Mwenye duka la kwanza anaweza kuwa hodari kuliko jirani yake na bado akashindwa. Baadaye atasikia watu wakisema Waafrika hawajui biashara. (Usemi huo bado upo, na unanikera.)

Sheria haikumkataza muuzaji wa jumla kumwamini Mwafrika. Ilimwambia tu kwamba akimwamini, shauri lake. Kukopeshana kukabaki kwa neno la mdomo, kile tunachokiita mali kauli, na neno la mdomo hufika mpaka pale watu wanapofahamiana. Mfanyabiashara mgeni mjini, hata awe mlipaji mzuri kiasi gani, hakuwa na karatasi ya kumtetea.

Kwenye programu za leo, taarifa za mteja mara nyingi zina kisanduku cha kikomo cha mkopo. Ankara mpya ikikipita, programu inatoa onyo. Namba hiyo huijaza mtu wa mauzo, mteja mmoja mmoja, akitazama alivyolipa huko nyuma. Kenya ya 1948 ilikijaza mara moja kwa Waafrika wote: 200.