Sauti ya Tabora Masikioni mwa Mpanda: Shem Karenga na Muziki wa Dansi wa Magharibi

Mkoa wa Katavi ni mchanga kwa umri wa kiutawala, kwa kuwa ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, lakini Mpanda, iliyo makao makuu yake, imekwisha kupitia mikoa mitatu tangu uhuru: hadi mwaka 1974 wilaya hiyo ilihesabiwa upande wa Tabora, kisha ikaunganishwa na Sumbawanga kuunda Rukwa, na hatimaye ikapewa mkoa wake. Mabadiliko hayo yana uzito kwa yeyote anayechunguza historia ya muziki wa dansi, yaani ule muziki wa mjini unaopigwa kwa magitaa ya umeme, tumba, drams na ala za kupuliza, ukaimbwa kwa Kiswahili na kuchezwa ukumbini, kwa sababu katika miaka ambayo muziki huo ulikuwa ukikomaa Mpanda ilikuwa sehemu ya Tabora kiserikali na kwa njia ya reli pia. Kumweleza mwimbaji kiongozi aliyesikika Mpanda wakati huo ni kumweleza mwimbaji wa Tabora, na miongoni mwao anayestahili kutangulizwa ni Shem Ibrahim Karenga.

Mpanda ya leo ilikuzwa na mgodi. Madini ya risasi yaliyochimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals ndiyo yaliyoishawishi serikali ya kikoloni kujenga tawi la reli lenye urefu wa kilomita zipatazo 210 kutoka Kaliua, kwenye njia kuu ya Tabora na Kigoma, na tawi hilo likakamilika mwaka 1950. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, miaka kumi tu baadaye, lakini reli haikung'olewa, na hapo pana kinaya ambacho wanahistoria wa uchumi hukipita haraka: njia iliyojengwa kwa ajili ya kusafirisha mawe iliendelea kusafirisha watu, barua, magazeti na bidhaa za madukani, huku barabara ya kwenda Sumbawanga ikiwa ndefu na ya taabu wakati wa masika. Wakonongo, walio jirani na ndugu wa Wanyamwezi kwa lugha na mila, walikuwa na sababu ya ziada ya kuitazama Tabora. Lakini mji wenyewe ulikuwa na Wabende, Wapimbwe, Wafipa, Waha na wengine wengi waliofuata kazi, na katika mchanganyiko wa namna hiyo wimbo wa kuwafaa wote haukuweza kuimbwa kwa lugha nyingine ila Kiswahili.

Tabora ilikuwa na utajiri wa bendi uliopita kimo cha mji wake. Kiko Kids, iliyohusishwa na mwimbaji Salum Zahoro, ilikwisha kupata sifa kabla ya uhuru kufikisha miaka mingi. Nyanyembe Jazz ikaacha wimbo wa Rangi ya Chungwa, ambao hata vijana wasioijua bendi yenyewe huutambua. Na Tabora Jazz ikajipambanua kwa mtindo wake wa Segere Matata. Maneno mawili hapo yanahitaji ufafanuzi. Neno "Jazz" katika majina ya bendi hizi halikuwa na uhusiano mkubwa na muziki wa Wamarekani weusi unaoitwa hivyo, bali lilifuata desturi iliyoenea pia Kongo, ambako kulikuwa na African Jazz na OK Jazz, ya kuita hivyo bendi yoyote ya kisasa ya kuchezea dansi. "Mtindo" nao ulikuwa ni jina la mapigo na uchezaji ambalo kila bendi ilijichagulia ili mashabiki waitambue na kuitetea, kama NUTA Jazz ilivyojulikana kwa Msondo na baadaye Mlimani Park kwa Sikinde.

Karenga alikuwa mtu wa Kigoma, na asili hiyo si jambo dogo. Alianzia muziki katika Lake Tanganyika Jazz, bendi ya mji ulio ukingoni mwa ziwa, mahali ambapo rumba ya Kongo ilifika kwa redio, kwa santuri na kwa wanamuziki wenyewe waliovuka maji, na kisha akahamia Tabora Jazz, ambako jina lake lilienea nchi nzima kwa wimbo wa Dada Asha. Wimbo wake mwingine, M.V. Mapenzi, unatoa ushahidi wa mazingira yaliyomlea. Herufi hizo mbili hutangulia majina ya meli zinazoendeshwa kwa injini, na kwa wakazi wa mwambao wa Tanganyika, kuanzia Kigoma hadi Ikola na Karema zilizo sasa katika Katavi, meli ni M.V. Liemba, ile iliyoundwa Ujerumani, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 wakati wa vita, ikaibuliwa na Waingereza na kurudishwa kazini mwaka 1927. Mtunzi aliyeyapa mapenzi jina la meli aliwapa wasikilizaji wa ziwani taswira isiyohitaji maelezo, na ni vigumu kuamini kwamba mtunzi wa Dodoma angeifikia.

Cheo cha mwimbaji kiongozi katika bendi za wakati huo kilikuwa na majukumu ambayo msikilizaji wa leo, aliyezoea msanii mmoja mwenye jina lake na mashine yake ya muziki, huenda asiyaelewe. Kwanza alikuwa mtunzi, na utunzi ulihukumiwa kwa maneno kabla ya sauti: hadhira ya Kiswahili, iliyolelewa na mashairi, ilidai kisa chenye mwanzo na hatima, lawama iliyofichwa vizuri na methali iliyowekwa mahali pake. Pili aliongoza waimbaji wenzake, akianza beti kwa sauti ya pekee na kuwaachia kiitikio, huku gita la solo likimjibu katikati ya mistari kana kwamba nalo lina ulimi. Tatu alijua wakati wa kunyamaza, kwa maana nusu ya pili ya wimbo, iliyokuja kuitwa chemko, ilikuwa ya magitaa na ya wachezaji, na mwimbaji aliyeng'ang'ania kipaza sauti hapo aliharibu dansi. Karenga alipiga pia gita, na labda ndiyo sababu nyimbo zake hazimsukumi mpigaji pembeni.

Malipo ya kazi hiyo yalikuwa haba, na jambo hili lisemwe wazi. Bendi ilisafiri hadi Dar es Salaam kurekodi katika studio ya Radio Tanzania, ambayo ilipewa jina hilo mwaka 1965, na kutoka hapo wimbo ulisikika kila palipokuwa na redio yenye betri, Mpanda ikiwemo. Lakini kila mara ulipopigwa tena hewani haukumwongezea mtunzi kitu cha maana. Ala nazo kwa kawaida zilikuwa mali ya klabu, ya taasisi au ya tajiri, kwa hiyo mwimbaji aliyehama aliondoka na sauti yake tu, na nyimbo zilizompa jina zikabaki zikitajwa kwa jina la bendi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipopitishwa mwaka 1999, na chama cha kukusanya mirabaha, yaani malipo ya mtunzi kwa matumizi ya kazi yake, kilipoanzishwa, kizazi cha Tabora Jazz kilikwisha kutoa kazi zake bora. Umaarufu wa Dada Asha ulikuwa wa taifa zima. Faida yake haikuwa ya Karenga.

Kuhama kwenyewe kulifuata reli ileile, ila safari hii kuelekea mashariki. Kumbi, wafadhili na studio vilikuwa Dar es Salaam, na wanamuziki wa mikoani walivutwa huko mmoja baada ya mwingine. Karenga aliongoza MK Beats, kisha akalifufua jina la zamani katika Tabora Jazz Star, bendi iliyobeba jina la mji wa bara huku ikipiga pwani. Mpanda kwa upande wake ilikwisha kuhamishiwa Rukwa, na pembeni yake yalikwisha kuanzishwa makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, Katumba kisha Mishamo, ambayo yaliongeza maelfu ya wasikilizaji wapya wa Kiswahili katika nchi iliyokuwa na watu wachache.

Shem Karenga alifariki Dar es Salaam mwezi Desemba 2014, Katavi ikiwa katika mwaka wake wa tatu tangu kuwa mkoa.