Nani Abebe Hasara? Historia ya Wizi wa Kadi za Benki na Kinga Zake

Utangulizi

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Leo daftari la wengi wetu liko benki, na ufunguo wake ni kadi ya plastiki inayokaa kwenye pochi. Ufunguo huo ukiibiwa au ukinakiliwa, fedha huondoka bila mlango kuvunjwa. Jambo hili likitokea, watu huuliza kwanza: mwizi ni nani? Insha hii inauliza swali la pili, ambalo katika historia limekuwa na uzito zaidi: hasara hiyo ibebwe na nani?

Kadi zinazozungumziwa hapa ni za aina mbili. Kadi ya mkopo humwezesha mwenyewe kununua leo na kuilipa benki baadaye. Kadi ya kawaida ya benki, ambayo wengi huiita kadi ya ATM, huchota fedha moja kwa moja kutoka kwenye akaunti. Tofauti hii ni muhimu. Mwizi wa kadi ya mkopo hutumia kwanza fedha za benki, lakini mwizi wa kadi ya ATM humwacha mteja aamke asubuhi akiwa hana hata nauli.

Nitaanza na Marekani, ambako kadi hizi zilienea mapema, kisha Uingereza, Ufaransa na Oman, na mwisho nitarejea Afrika Mashariki. Hoja yangu ni kwamba kinga za kweli zilipatikana pale hasara ilipowekwa juu ya yule mwenye uwezo wa kuuzuia wizi.

Kadi zilizotumwa bila kuombwa

Mwezi Septemba 1958, Bank of America ilituma kadi zipatazo 60,000 kwa wakazi wa Fresno, mji wa California. Wakazi hao hawakuziomba. Benki ilijua kwamba wenye maduka wasingekubali kadi isiyo na wateja, na wateja wasingetaka kadi isiyo na maduka. Kwa hiyo ikaamua kuzimwaga kadi kwa mkupuo. Ilitarajia kwamba asilimia 4 hivi ya wateja wangechelewa kulipa madeni yao. Ilikuta asilimia 22. Kadi nyingine ziliangukia mikononi mwa wezi, na hasara ilifikia mamilioni ya dola.

Mwishoni mwa mwaka 1966, benki za Chicago zilirudia kosa hilo kwa mamilioni ya kadi. Zilitumwa hata kwa watoto wachanga na kwa marehemu. Nyingine ziliibwa njiani, na miongoni mwa wezi walikuwamo wafanyakazi wa posta. Mtu ambaye hajawahi kuiona kadi yenye jina lake alijikuta akidaiwa bidhaa alizonunua mwingine.

Malalamiko yalifika Bungeni. Mwaka 1970 Bunge la Marekani lilipiga marufuku kutuma kadi za mkopo ambazo hazijaombwa. Vilevile liliweka kikomo: kadi ya mkopo ikiibiwa, mwenyewe hawezi kudaiwa zaidi ya dola 50. Mwaka 1978 ilitungwa sheria ya kadi zinazochota fedha kwenye akaunti. Mteja anayetoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi baada ya kugundua kwamba kadi imepotea hubeba si zaidi ya dola 50. Akichelewa, anaweza kubeba hadi dola 500. Akipokea taarifa ya akaunti na kunyamaza kwa zaidi ya siku 60, anaweza kupoteza kila kinachoibwa baada ya hapo.

Sheria hizi hazikumwachilia mteja kabisa. Zilimpa sababu ya kuitunza kadi na kuwahi kutoa taarifa, lakini sehemu kubwa ya hasara ziliiacha kwa benki. Nazo benki, zikijua kwamba zitalipa, zilitafuta njia za kujilinda. Awali muuzaji alikuwa na kijitabu cha nambari za kadi zilizoibiwa, na kwa malipo makubwa alipiga simu kuomba idhini. Mwaka 1973 mtandao wa kadi ambao baadaye uliitwa Visa ulianza kutumia mfumo wa kompyuta wa kuidhinisha malipo. Kazi iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa ikawa ya muda mfupi, na kadi iliyofungwa ikaweza kukataliwa papo hapo.

Kesi mbili za fedha zilizotoweka

Baada ya ATM kuenea, lilizuka tatizo jipya: mteja anasema hakutoa fedha, lakini kumbukumbu za mashine zinaonyesha kwamba kadi yake na nambari yake ya siri vilitumika. Nani aaminiwe? Marekani na Uingereza zilijibu swali hili kwa njia tofauti.

Mwaka 1980 mwanamke mmoja wa New York aliishtaki Citibank kwa fedha zilizotolewa kwenye akaunti yake. Benki ilidai kwamba mfumo wake hauruhusu mtu kutoa fedha bila kadi na nambari ya siri. Yule mama alileta barua ya mwajiri wake iliyoonyesha kwamba saa hiyo alikuwa kazini. Mahakama ilimwamini na kuiamuru benki imrudishie fedha zake. Hakimu hakukubali kwamba neno la mashine peke yake litoshe kulishinda neno la binadamu mwenye ushahidi.

Uingereza mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1992 askari polisi mmoja alirudi kutoka likizo akakuta makato asiyoyatambua kwenye akaunti yake. Alipolalamika, taasisi iliyotunza fedha zake ilisema mfumo wake ni salama, na kwa hiyo mlalamikaji anadanganya. Mlalamikaji akageuka mshtakiwa. Mwaka 1994 alitiwa hatiani kwa kujaribu kujipatia fedha kwa udanganyifu. Alikata rufaa, na mwaka 1996 aliachiwa huru baada ya taasisi hiyo kukataa kuwaruhusu wataalamu wa upande wa utetezi wakague mitambo yake.

Ross Anderson, mtaalamu wa usalama wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alikuwa miongoni mwa waliomtetea. Katika utafiti wake wa mwaka 1993 alionyesha kwamba wizi mwingi wa ATM ulitokana na uzembe wa kawaida na wafanyakazi wasio waaminifu ndani ya benki. Pia alieleza kwamba benki za Marekani, zilizolazimika kulipa, zilikuwa makini zaidi kuliko za Uingereza, ambazo zilimsukumia mteja mzigo wa kuthibitisha. Kesi ya yule askari inaonyesha ubaya wa mpango huo: aliyetakiwa kuthibitisha alinyimwa hata nafasi ya kuona ushahidi.

Chipu, na wezi waliohamia mlango mwingine

Udhaifu mkubwa wa kadi za zamani ulikuwa ukanda wa sumaku ulio mgongoni. Habari zake hazibadiliki, hivyo anayezisoma mara moja anaweza kuzinakili kwenye kadi nyingine. Wezi walibandika visomeo vidogo kwenye midomo ya ATM, na kamera ndogo juu ya vitufe ili wapate nambari ya siri. Dawa ilianzia Ufaransa, ambako Roland Moreno alisajili uvumbuzi wake wa kadi yenye kumbukumbu ya kielektroniki mwaka 1974. Kufikia mwishoni mwa 1992, kadi za benki za Ufaransa zilikuwa na chipu. Chipu ni vigumu sana kuinakili, kwa sababu hutoa jibu jipya kwa kila malipo.

Uingereza ilifuata, na tarehe 14 Februari 2006 kuingiza nambari ya siri dukani kukawa jambo la kawaida nchi nzima. Matokeo yake yanafundisha. Hasara ya wizi wa kadi za Uingereza mwaka 2004 ilizidi pauni milioni 500. Mwaka 2006 ilishuka hadi kama milioni 427. Lakini mwaka 2008 ilipanda tena hadi karibu milioni 610, na zaidi ya nusu yake ilitokana na manunuzi ya simu na intaneti, ambako chipu haisomwi. Mlango mmoja ulifungwa, wezi wakahamia mwingine.

Marekani, iliyokuwa mbele katika sheria, ilichelewa kuingiza chipu. Athari za ukanda wa sumaku zilionekana hadi Oman. Tarehe 19 na 20 Februari 2013, genge la kimataifa liliiibia Bank Muscat takriban dola milioni 40. Wezi waliingilia kompyuta za kampuni iliyoshughulikia malipo ya kadi, wakaondoa vikomo vya kutoa fedha kwenye akaunti 12 za kadi, kisha wakasambaza nambari zake kwa wenzao. Hao waliziandika kwenye ukanda wa sumaku wa kadi yoyote waliyonayo. Kwa muda wa saa 10 hivi, katika nchi 24, walitoa fedha mara zipatazo 36,000. Hakuna uangalifu wa mteja ambao ungezuia wizi wa namna hiyo.

Oktoba 2015 mitandao mikubwa ya kadi nchini Marekani ilibadili kanuni: kati ya benki na duka, yule ambaye hajaweka vifaa vya chipu ndiye atakayebeba hasara ya kadi bandia dukani. Baada ya hapo wenye maduka wengi walibadilisha mashine zao. Kilichoshindikana kwa miaka mingi kilianza kuwezekana hasara ilipobadilisha bega.

Afrika Mashariki

Nchi zetu zimetunga sheria dhidi ya uhalifu wa kompyuta: Uganda mwaka 2011, Tanzania 2015, Kenya na Rwanda 2018. Wahalifu wamekamatwa pia. Oktoba 2019 Rwanda iliwakamata watu 12, yaani Wakenya 8, Wanyarwanda 3 na Mganda 1, kwa shutuma za kujaribu kuiba fedha za wateja kupitia mfumo wa benki. Idadi hiyo inaonyesha kwamba wezi wameshaunda jumuiya yao isiyo na mipaka.

Hata hivyo, kumfunga mwizi hakumrudishii mwenye mali fedha zake. Kanuni za Tanzania za mwaka 2019 na sheria ya Rwanda ya mwaka 2021 kuhusu kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha ni hatua nzuri, kwa kuwa zinagusa wajibu wa benki kwa mteja na namna ya kushughulikia malalamiko. Lakini mlalamikaji bado anaweza kujibiwa pale dirishani, "Umempa mtu nambari yako ya siri." Historia inatuonyesha kwamba jibu hilo lilitolewa Uingereza pia, likamponza mtu ambaye mwishowe aliachiwa huru. Tangu Novemba 2009 kanuni za Uingereza zinasema kwamba kumbukumbu ya mashine, peke yake, si lazima itoshe kuthibitisha kuwa mteja ndiye aliyeidhinisha malipo. Kanuni ya wazi kama hiyo ingetufaa.

Wakati tukiisubiri, mteja ana la kufanya. Azibe vitufe kwa mkono anapoingiza nambari ya siri, na asimtajie yeyote nambari hiyo, hata anayejitambulisha kuwa mfanyakazi wa benki. Awashe ujumbe wa simu unaotoa taarifa ya kila makato. Akiona asilolijua, aifunge kadi mara moja kwa kupiga simu benki, kisha apeleke malalamiko kwa maandishi, abaki na nakala iliyogongwa muhuri na kuandikwa tarehe. Aombe kumbukumbu za makato hayo na picha za kamera ya ATM kabla hazijafutwa. Tena aandike alikuwa wapi saa hiyo na nani alimwona. Yule mama wa New York alisaidiwa na barua moja tu.

Hitimisho

Tangu Fresno hadi Muscat, wezi wamebadilisha mbinu kila kinga mpya ilipotokea, na wataendelea kubadilisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa mfumo wa benki hauzibwi na mwanafunzi anayetoa posho yake kwenye ATM. Anayeweza kuuziba ni mwenye mfumo, naye hufanya haraka zaidi hasara inapokuwa yake. Mteja atunze kadi yake na daftari lake. Benki itunze mashine zake, na mashine zikishindwa, ilipe.